Maji Haya Umeyatoa kwa Nani?

Utakapoingia Ukumbi Mkuu wa New York Hall of Science, huko Queens, usikimbilie kusoma kibao. Simama kwanza karibu na mlango mpaka macho yazoee giza la buluu, kisha tazama sakafu. Ukutani maji yanaporomoka kutoka urefu unaozidi mita 11. Yanatambaa chini ya miguu ya watoto, yanagawanyika kuwa mikondo, yanaelekea makazi sita yaliyochorwa kwa mwanga kuzunguka ukumbi: msitu mnene, jangwa, ardhioevu, bonde la mlimani, bwawa na nyanda za nyasi. Maji yenyewe ni mwanga wa projekta tu. Lakini mtoto akilaza gogo laini juu ya mkondo, mkondo unageuka. Akiinua mkono mbele ya ukuta anapata mbegu, na akiiachia inaota, mradi udongo una unyevu. Miti ikishamiri, wanyama wa kubuni wanajitokeza.

Maji hayo ni ya wote, na kiasi chake ni kimoja. Msitu ukinywa sana, mti ulio upande wa pili wa ukumbi unanyauka, na aliyeupanda ni mtoto wa watu wengine, asiyejua ni nani aliyemfungia.

Onyesho hili linaitwa Connected Worlds na lilifunguliwa mwaka 2015. Nalitumia hapa kama mfano mkuu kwa kuwa sijaona jingine linaloifanya ikolojia iwe jambo la kubishania kwa sauti. Mwongozo wenyewe, hata hivyo, utakufaa popote penye maonyesho ya kushika na kujaribu: bwawa la kugusia viumbe wa baharini, sanduku la wadudu wanaokula mzoga, meza ya mchanga unaochorwa mito. Nauandika kwa ajili ya mtu mzima anayempeleka mtoto, awe mzazi, shangazi, mjomba au mwalimu. Nimewaona wengi wetu wakikaa kwenye benchi la pembeni na mikoba ya watoto mapajani, wakisubiri mchezo uishe, kana kwamba kazi yao ilikuwa kulipa kiingilio. Kazi yao ndiyo kwanza inaanza, na inaniuma kila ninapoiona ikiachwa, kwa sababu mtoto aliyeachwa peke yake humo ndani hucheza na mwanga akatoka na kumbukumbu ya mwanga.

Anza kwa kupunguza. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa mtumishi wa makumbusho ya sanaa ya Boston, alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho, ikiwa na picha za mtu akiinama na kujipinda ili aone vitu vilivyopangwa vibaya kabatini. Uchovu huo haujaondoka. Beverly Serrell, aliyepima muda wa wageni katika maonyesho mengi ya Marekani, alionyesha mwaka 1998 kwamba walio wengi hawamalizi hata dakika 20 ndani ya onyesho moja, liwe kubwa au dogo. Kwa hiyo usijipangie kuona jengo zima. Chagua maonyesho mawili, matatu yakizidi. Nendeni mkiwa mmekula. Kama unaweza, nenda alasiri ya siku ya kazi, mabasi ya shule yakishaondoka, maana onyesho la aina hii likijaa watoto 60 hakuna anayeona alichosababisha. Piga simu kabla ya kutoka nyumbani uhakikishe onyesho linafanya kazi siku hiyo, kwa sababu mitambo ya projekta na kamera huharibika na kufungwa kwa matengenezo.

Mkishafika, mwache. Dakika tano za mwanzo ni za mtoto kushika, kukanyaga, kukimbia, kurusha mikono hovyo. Usimweleze chochote. Mtu hawezi kuuliza swali la maana juu ya kitu ambacho mwili wake haujakijua, na wewe mwenyewe unazihitaji dakika hizo kutazama mtambo unaitikia nini. Shika gogo nawe. Mgeni mzima aliyekaa kitako hana la kuzungumza na mtoto anayetoka jasho.

Kisha msimamishe. Hapa ndipo ninapokuomba uwe makini kuliko mahali pengine pote, na mbinu yenyewe inatoka Exploratorium ya San Francisco. Makumbusho hayo yaliasisiwa mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer, mdogo wake Robert wa bomu la atomiki. Frank alikuwa ametupwa nje ya vyuo vikuu kwa sababu ya siasa zake za ujana. Akafuga ng'ombe Colorado kwa miaka kadhaa, kisha akafundisha sekondari katika mji mdogo wa huko huko, Pagosa Springs. Mtu aliyefundisha kwa vitu alivyookota karakana na shambani alijenga makumbusho ambamo mgeni hupewa kitu akihangaikie mwenyewe. Lakini baada ya miaka mingi watafiti wa humo waligundua kwamba kuhangaika peke yake hakutoshi: familia ziligusa, zikacheka, zikahama. Joshua Gutwill na Sue Allen wakajaribu kuzifundisha familia njia fupi ya kuchunguza, na mwaka 2010 wakaeleza waliyoyaona. Iliyofanya kazi vizuri kuliko zote ilikuwa na hatua mbili tu. Baada ya kuchezea kifaa, familia inasimama na kila mtu anataja swali. Wanachagua moja ambalo hakuna kati yao anayejua jibu lake, na ambalo wanaweza kulijaribu hapo hapo kwa mikono. Wanalijaribu. Halafu wanasimama tena kuulizana wamegundua nini. Familia zilizofundishwa hivyo ziliendelea kufanya vile vile zilipofikishwa kwenye kifaa kipya.

Swali la namna hiyo mimi naliita swali nono. Unono wake uko katika masharti yale mawili, na watu huyakosea. “Huyu mnyama anaitwaje?” si nono, kwani jibu liko kwenye kibao. “Kwa nini dunia inaongezeka joto?” ni swali zito lakini huwezi kulijaribu na gogo. “Tukifunga mkondo wa jangwani kabisa, kitaanza kufa kipi, mti mkubwa au majani?” ndilo hilo. “Tukiacha kupanda tukatulia tu, wanyama watakuja?” nalo pia. Ugumu ni wewe. Utajikuta unajua jibu, au unadhani unajua, na ulimi utawasha. Jizuie. Mtoto akisema mti mkubwa utakufa kwanza kwa sababu una kiu kubwa, mwambie “haya, tuone”, basi. Na mwulize unachotaka kujua kweli, kwa sababu watoto hutambua upesi swali la mtihani, na wakishalitambua wanaanza kubahatisha jibu linalompendeza mkubwa.

Katika ikolojia kuna shida ambayo haimo katika maonyesho ya sumaku au vioo. Ukisogeza sumaku, chuma kinaruka mbele ya macho yako. Ukigeuza maji, kinachotokea hutokea baadaye na kwingine. Mtoto analaza gogo, anaangalia mti wake ukinenepa, anashangilia. Mgongoni mwake, hatua 15 kutoka hapo, nyanda zinageuka rangi ya majivu. Hajaona. Nikihesabu yote niliyowahi kuyatazama katika kumbi hizi, hilo ndilo kosa kubwa la wageni, wakubwa kwa wadogo: tunautazama mkono wetu ulipo.

Dawa yake ni kugawana. Msisimame pamoja. Mtoto mmoja awe jangwani, mwingine msituni, wewe nenda bwawani. Kama mko wawili tu, mtoto abaki na magogo na wewe uwe macho yake upande wa pili. Kila mmoja awe mwenyeji wa makazi yake, aseme kwa sauti anachokiona: yanakuja, yamepungua, yamekatika. Baada ya muda mfupi mtabadilishana. Mtoto aliyekuwa juu ya mkondo akageuka kuwa wa chini huelewa kwa tumbo lake jambo ambalo maelezo ya nusu saa yasingemfikishia. Nimemwona binti wa miaka tisa hivi akigoma kurudi upande wa msitu, akisema hataki kuwa “wale”. Mama yake alimwuliza wale ni akina nani. Binti alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda akasogeza gogo nusu.

Utakutana na familia nyingine, na magogo ni machache. Mtoto wa watu akiwafungia maji, usimwendee kwa ukali na wala usimwondoe mtoto wako kwa aibu. Waliotengeneza onyesho walijua maji yatagombewa. Mgao wenyewe ndio somo. Mtume mtoto wako akaombe, na kama hawasemi lugha moja aonyeshe kwa mkono mti wake uliokauka. Wakishindwa kuelewana, ndipo uingie, na uingie kwa kuuliza pande zote mbili wanahitaji maji ya nini, si kwa kuamua. Mara nyingine watapata kanuni yao wenyewe, kwa mfano zamu za kuhesabu mpaka 20, na kanuni hiyo itakuwa nzuri kuliko ambayo ungewapa.

Na zamu ya maji ni jambo ambalo wengi wetu tunalijua kabla ya kusikia neno ikolojia. Kama ulikulia Uchagani, unaujua mfongo: mfereji unaotoka mtoni kule juu, unapita mgombani kwa huyu kabla ya kufika kwa yule, una wenyewe, una zamu, una faini kwa anayefungua usiku. Msimulie mtoto habari hiyo mkiwa juu ya ile mikondo ya mwanga, kwa sababu hapo ndipo itakapomwingia. Kama unaifahamu Usangu, msimulie Ruaha Mkuu, mto uliozoea kutiririka mwaka mzima, ambao tangu 1993 ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi kwa vile maji yalichukuliwa huko juu, kwenye mashamba ya mpunga, na viboko wakabanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Aliyemwagilia mpunga hakumchukia kiboko. Hakumwona. Mtoto aliyetoka kumkausha mwenzake bila kujua yuko tayari kulisikia hilo.

Msimulie kwa Kiswahili. Wazazi wengi walioko ughaibuni wakifika mbele ya kifaa cha sayansi huhamia Kiingereza au hunyamaza, wakihofu kwamba hawana maneno. Unayo. Chanzo, mkondo, kijito, mfereji, kinamasi, rutuba, kiangazi, kunyauka, kuchipua: hayo ndiyo maneno ya onyesho lenyewe, na ni mazima. Jina la kitaalamu la mchakato atalipata shuleni. Kwako anahitaji mtu wa kufikiri naye, na utafikiri vizuri zaidi kwa lugha unayootea ndoto.

Jambo jingine ambalo huwezi kulijua usipojichunguza: unamweleza nani? Mwaka 2001 Kevin Crowley na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwenye makumbusho ya watoto huko San Jose, California. Waliwarekodi wazazi na watoto wao kwenye maonyesho ya sayansi. Wavulana na wasichana walishika vifaa sawa sawa, walishughulika sawa sawa, lakini wazazi waliwaeleza wavulana sababu ya mambo karibu mara tatu zaidi ya walivyowaeleza wasichana. Wazazi hao, baba na mama, hawakuwa na nia mbaya. Kwa hiyo nenda umejipangia: binti naye aulizwe kwa nini, naye aambiwe kwa nini, naye apewe gogo la kwanza. Ukiwa na wote wawili, anza naye.

Kwenye bwawa la kugusia, kama lile la Monterey Bay Aquarium lililofunguliwa mwaka 1984 katika kiwanda cha zamani cha samaki wa kopo, mambo ni tofauti kwa sababu kilicho mbele yako ni hai na kinachoka. Lowesha mkono kwanza. Gusa kwa vidole viwili, taratibu, kutoka juu, na usikibandue kiumbe jiweni. Mweleze mtoto hayo kabla hamjafika ukingoni, kwani watoto wakifika ni mikono mitano kwa mara moja. Huku hakuna kugawana wala kubishana. Huku kuna kutulia. Mwambie achague kiumbe kimoja akitazame kwa muda wa pumzi 20 kabla ya kukigusa.

Akichagua kiti cha pweza mwenye rangi ya zambarau au chungwa, una hadithi ya kumpa. Mwaka 1963, kwenye miamba ya pwani ya jimbo la Washington, mwanabiolojia Robert Paine alianza kuwabandua viti vya pweza hao katika kipande kimoja cha mwamba na kuwatupa baharini, na kipande jirani akakiacha kama kilivyo. Alirudi tena na tena kufanya hivyo. Pale walipoondolewa, kome walitanda mwamba mzima wakawasukuma wengine, na spishi alizozihesabu zikashuka kutoka 15 hadi 8. Mlaji mmoja ndiye aliyekuwa akiwapa wengine nafasi. Usianze kwa kusimulia, lakini. Anza kwa kumwuliza mtoto: tukimtoa huyu hapa, nani atafurahi? Akishajibu kome, mwulize halafu nini. Kisha mpe Paine. Na kama ni mkubwa kiasi, mwambie kwamba tangu 2013 ugonjwa umewaua viti vya pweza kwa wingi usio wa kawaida katika pwani hiyo ya magharibi, kwa hiyo lile jaribio la mtu mmoja na mtaimbo limekuwa likijirudia bila mtu kulipanga.

Maonyesho ya kuoza sitayasemea sana. Makumbusho mengi ya viumbe hutumia mbawakawa wadogo kusafisha mifupa, na baadhi huwaweka kwenye kioo wageni wawaone wakila mzoga wa panya au ndege. Watu wazima hupita haraka, wameziba pua hata pasipo na harufu. Usimvute mtoto mkono. Bila hao msitu wowote ungekwisha rutuba, naye huenda ndiye pekee katika kundi lenu anayetaka kujua nyama inakwenda wapi.

Kabla hamjaondoka kwenye onyesho lolote la kielelezo, tafuteni pamoja mahali linapodanganya. Nalisema neno hilo kwa heshima, kwa sababu kila kielelezo hupunguza kitu ili kingine kionekane. Pale Queens mti unakua kwa sekunde chache. Ukifa, mkondo mmoja na mbegu moja vinaurudisha. Watoto hutoka wakiamini, bila kuambiwa, kwamba kila kitu hurekebika haraka mtu akiwa na nia njema. Muulize: mti ule nje ya nyumba yetu una umri gani? Kinamasi kikikauka kiangazi 20 mfululizo, kisha maji yakarudi, vyura watatoka wapi? Muulize pia nini hakimo: humo hakuna mbolea inayotiririka, hakuna mji, hakuna mwenye shamba anayedai, hakuna bei ya mpunga. Mtoto wa miaka kumi anaweza kutaja vitu vitano ambavyo yeye angeviongeza, na orodha hiyo itakuonyesha alichoelewa kuliko karatasi yoyote ya maswali. Walimu, hiki ndicho ningekiweka mahali pa zile karatasi za kujaza ambazo huwafanya wanafunzi wakimbie kibao hadi kibao wakinakili.

Kisha tokeni nje, na msiende moja kwa moja kwenye treni. Makumbusho haya ya Queens yako ndani ya bustani ya Flushing Meadows, na ardhi mnayoikanyaga ilikuwa kinamasi cha maji ya chumvi, kijito kikipita katikati. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa dampo la majivu ya makaa ya mawe ya jiji. Majivu yakasawazishwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1939, kijito kikafungwa na kuelekezwa upya, ziwa likachimbwa. Ule ukumbi wa vioo vya buluu mlikotoka ulijengwa kwa maonyesho yaliyofuata, ya 1964. Na usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipomwaga mvua juu ya New York, maji yalirudi yalikozoea kukaa. Yaliingia ndani ya makumbusho yakaharibu, na milango ikafungwa kwa muda.

Kaeni kando ya lile ziwa mnywe chai ya chupa mliyobeba. Mwonyeshe mtoto bomba linaloleta maji ya barabarani na mahali yanapotokea. Nilipofika hapo na wangu mara ya mwisho, mdogo alitazama bomba, akatazama barabara kuu inayounguruma juu ya miti, akauliza kama kuna mtu aliyesimama upande wa pili wa kutuambia yamefika au yamekatika. Tulianza kutembea kufuata ukingo, kwenda kuona.